Mkono Uliofungiwa Kalamu

Mkono wa Maryori ulipoanza kujikunja, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa Maryori mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya shule. Mtoto amekaa mezani jikoni, kikombe cha maji moto ya sukari guru mbele yake, arepa, mkate bapa wa mahindi, mkononi. Mara arepa ikamponyoka. Akainama kuiokota, vidole vikakataa. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya kiganja, cha shahada kimekaza juu yake kama ndoana, na nyama ya pale chini ya gumba inachezacheza yenyewe, utadhani kuna mdudu ndani ya ngozi.

"Mama, tazama," akasema, akacheka kidogo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na jambo lile lilimshangaza kuliko lilivyomuuma.

Rosmira, mama yake, hakucheka. Na mama mkwe wake, Bibi Eudocia, aliyekuwa kwenye jiko la kuni akigeuza arepa nyingine, alisogea kutazama na hukumu akaitoa hapo hapo.

"Jana nani alipiga pasi humu ndani?"

"Mimi, bibi. Sare yangu."

"Na baada ya pasi?"

Maryori akaitazama arepa sakafuni.

"Uliosha vyombo," Rosmira akasema. "Nilikuona bombani kwa macho yangu."

"Basi. Baridi imeshaingia kwenye mishipa," bibi akasema. "Niliwaambia. Lakini humu ndani mimi nikisema ni kama redio ya jirani."

Pale Guayatama, huku milimani Boyacá, nchini Kolombia, jambo hilo halina mjadala. Mkono uliopata moto haukutanishwi na maji baridi. Mwanamke akishapiga pasi hagusi bomba mpaka kesho yake, na akigusa, vidole vinapinda. Rosmira alilelewa hivyo, na mama yake alilelewa hivyo. Kwa hiyo alikasirika kama mzazi yeyote wa pale angekasirika. Alimsema mtoto njia nzima mpaka lango la shule. Ana kichwa kigumu. Hasikii. Akiwa kilema nani ataambiwa hakumfunza mwanawe, si mama yake?

Na kuanzia siku hiyo akampumzisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wenye watoto wapasome hapa taratibu. Maryori akaondolewa pasi. Akaondolewa vyombo, kufua soksi, kukamua ng'ombe, kukoroga masufuria ya mazamorra, ule uji wa mahindi, jikoni. Kila kazi yenye moto au maji ikahamia kwa Rosmira. Mtoto akaachiwa kazi moja tu, ile ambayo nyumba nzima haikuihesabu kuwa kazi kwa sababu hufanywa umekaa. Akaachiwa kuandika.

Na kuandika kwenyewe kulikuwa kwa Mwalimu Obdulia.

Mwalimu Obdulia alifundisha darasa la mwisho la shule ya msingi, na alifundisha kwa madaftari mawili. Moja la rasimu, unaandika darasani anavyosema, mbio mbio. La pili ni daftari safi. Yale yale yote uliyoandika darasani unayanakili upya nyumbani, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, maneno kwa mweusi, pambizo kwa rula, herufi za kuunganisha zote zikilalia upande mmoja. Mwisho wa mwaka maksi hutolewa kwenye daftari safi. La rasimu halitazamwi.

Ukikosea neno, hufuti. Ukurasa unachanwa. Na daftari lenyewe ni la kushonwa katikati kwa uzi, kwa hiyo ukichana ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili unalegea na kutoka nao. Huo nao unauandika upya. Mtoto anakosea neno la mito ya Kolombia, anajikuta ananakili tena mito na sehemu za ua ambazo alishazimaliza mwezi uliopita bila doa.

Wazazi walimpenda Mwalimu Obdulia kwa hilo. Rosmira alimpenda zaidi ya wote. Yeye shule yake iliishia darasa la tatu, na mwandiko wake ulikuwa kama maharage yaliyomwagika. Siku ya kumwandikisha mtoto alisema mbele ya kina mama wengine, "Mwalimu, huyu usimlegezee." Na Mwalimu Obdulia hakumlegezea.

Mwezi wa kumi Maryori akateuliwa. Kila mwaka mtoto mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ndiye anayeandika vyeti vya shule nzima vya siku ya kufunga mwaka, jina kwa jina, kwa herufi za mapambo, na siku hiyo ndiye anayebeba bendera ya taifa mbele ya wenzake. Arnulfo, baba yake, anayeendesha gari la kukusanya maziwa mashambani, aliitangaza habari hiyo kwenye kila zizi alilopita. Jioni alirudi akamwambia mkewe, "Mpaka ng'ombe wanajua."

Sasa mtoto alikuwa na daftari la rasimu, daftari safi, na vyeti. Na mkono ukazidi. Mwanzo ulikuwa unakaza akimaliza kuandika, baadaye katikati ya ukurasa, halafu ikafika mahali unakaza akiigusa tu kalamu. Akishika kijiko, hakuna neno. Akishika kitana, hakuna neno. Akishika kalamu, vidole vinajifunga, kifundo kinapinda kwa ndani, na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Kijiko unashika vizuri sana," Rosmira akamwambia siku moja. "Kalamu ndiyo inakuuma? Kalamu ina miba?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Basi ni uvivu, au ni ile baridi. Mojawapo."

Bibi Eudocia akasema ni baridi, na baridi hutolewa na mkandaji. Wakampeleka kwa mzee Crisanto, anayekanda watu na mifugo kwenye kibanda nyuma ya soko. Mzee Crisanto akapasha mafuta ya kuku, akauchukua mkono wa mtoto, akaanza kusukuma kutoka kiwikoni kushuka kwenye vidole kama mtu anayekamua utumbo wa soseji. Kila penye fundo akakandamiza kwa gumba. Maryori aliuma kola ya sweta yake. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Inatoka hiyo," mzee Crisanto akasema. "Baridi ya muda mrefu. Huyu mtoto mlimwacha achezee maji kama bata."

"Mimi nilisema," bibi akasema.

Akamfunga mkono kwa kitambaa cha sufu, akaagiza usilowe. Hakuagiza kingine. Wakarudi nyumbani, Rosmira akamvua mtoto kile kitambaa ili amalizie ukurasa wa wilaya na mazao yake, kisha akamfunga tena.

Jumatano moja Maryori alisahau chakula chake. Rosmira akakifunga vizuri, viazi na yai na kipande cha jibini, akashuka nacho shuleni mchana. Watoto walikuwa nje wanacheza mpira. Akamtafuta Maryori uwanjani, hakumwona. Akaenda darasani.

Maryori alikuwa peke yake kwenye dawati la mbele, vyeti vimepangwa upande, mgongo umempinda. Mwalimu Obdulia amekaa kwenye meza yake anakunywa kahawa. Rosmira alipokaribia aliona utepe. Ulikuwa utepe wa rangi tatu za bendera, wa kufungia vyeti, na ulikuwa umezungushwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, ukaibana kalamu katikati, ukakazwa kwa fundo juu ya kifundo cha mkono. Vidole vimekuwa vyeupe kwenye ncha. Mtoto hakuwa anaandika kwa vidole tena. Alikuwa anausukuma mkono mzima kutoka begani, herufi baada ya herufi, na herufi zilikuwa nzuri.

"Nani amekufunga?" Rosmira akauliza.

Maryori akainua uso. Akamtazama mwalimu.

"Karibu, Mama Rosmira," Mwalimu Obdulia akasema kwa utulivu. "Ni mimi. Kalamu ilikuwa inamtoka. Vidole vinafundishwa, mama. Ukiviachia vinakuzoea."

Rosmira akaweka chakula chini, akafungua fundo. Lilikuwa limekazwa, akalazimika kutumia meno. Utepe ukatoka. Kalamu ikaanguka, ikabingirika mpaka sakafuni. Na vidole vya mtoto vikabaki vile vile, vimekunjana juu ya hewa kama vile kalamu bado imo.

Akajaribu kuvinyoosha. Maryori akapiga ukelele ambao hakuupiga hata kwa mkandaji.

"Umemfunga mwanangu kama anavyofungwa kuku," Rosmira akasema. Sauti yake ilikuwa chini, na yeye mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mama, usivuke mpaka. Hapa ni darasani."

"Umemfunga."

"Wewe uliniambia nini? Hapo mlangoni, siku ya kuandikisha, mbele ya watu? Nisimlegezee. Sijamlegezea. Leo unaniletea sura hiyo?"

Maneno yale yalimwingia Rosmira mahali pabaya, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio uliomzidishia hasira. Alitaka kumpiga. Alikuwa na mikono ya kukamulia ng'ombe, angeweza. Badala yake akachukua sweta ya mtoto kwenye kiti.

"Twende."

"Vyeti havijaisha," Mwalimu Obdulia akasema. "Na daftari safi lake limesimama kwenye wilaya. Asipolimaliza sina cha kumpa maksi. Na asiye na maksi hapandi sekondari, awe binti yako au wa meya."

"Mpe maksi kwenye hiyo kahawa yako."

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda kituo cha afya, ambako Rosmira hakuwahi kupeleka mkono uliopigwa na baridi kwa sababu kila mtu anajua madaktari hawaijui baridi. Daktari wa zamu alikuwa kijana aliyetumwa milimani kwa mwaka wake wa kwanza, amevaa koti juu ya koti. Alimwambia Maryori afumbe mkono, aufumbue. Akampa glasi ashike. Halafu akampa kalamu. Hata kabla haijagusa karatasi vidole vikajifunga.

"Anaandika kwa muda gani kwa siku?"

"Kama watoto wengine," Rosmira akasema.

"Kuanzia asubuhi," Maryori akasema. "Mpaka bibi anazima taa ya jikoni."

Daktari akageuka kumtazama mama. Rosmira akatamani angemtukana tu yaishe.

"Alinawa maji baridi baada ya pasi," akasema. "Mwezi wa tisa."

"Mama, siyo maji. Ni misuli. Ya kiganja na ya hapa, mkono wa mbele. Imechoshwa mpaka imekosa mpangilio, inavutana yenyewe kwa yenyewe. Na huko kukandwa kwa nguvu kumemwongezea uvimbe. Mtoto huyu aache kuandika. Sio apunguze. Aache."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Miezi. Tutamtazama, na nitamwandikia barua aonwe na mtaalamu huko chini mjini. Akilazimishwa huenda mkono ukazoea kukaza, ukabaki hivyo hata kwa kijiko. Akipumzika, ana nafasi nzuri."

"Nafasi," Rosmira akasema. "Mnasoma miaka yote hiyo mje mtuambie nafasi."

Lakini alimkasirikia yule kijana kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Njiani kurudi hasira ilizunguka kama nyuki aliyefungiwa chupani, ikimgonga mwalimu, ikimgonga mama mkwe na mafuta yake ya kuku, ikimgonga Arnulfo na mazizi yake, na kila ilipomaliza mzunguko ilirudi kwake. Ni yeye aliyemvua mtoto kitambaa ili amalizie wilaya.

Nyumbani Bibi Eudocia alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Kijana mwenye makoti mawili anamjua mjukuu wangu kuliko mimi?"

"Mama, kaa kimya," Rosmira akasema.

Tangu aolewe hakuwahi kumwambia hivyo. Bibi akaweka mwiko chini, akaenda chumbani kwake, na kwa siku kadhaa akawa anamsemesha kupitia kwa paka.

Arnulfo ndiye aliyekuwa kazi ngumu. Hakupinga habari ya mkono. Aliushika mkono wa binti yake, akaugeuza, akaupuliza kama anavyopuliza jeraha la ndama. Lakini aliona pia bendera, na sekondari ya mjini, na mazizi yote yaliyokwisha kuambiwa.

"Imebaki kidogo mwaka uishe," akasema. "Tukazungumze na mwalimu mkuu. Sisi ni watu, na yeye ni mtu."

Wakaenda wote watatu, wazazi na Maryori. Mwalimu mkuu, bwana Teódulo, aliwapokea ofisini vizuri sana, akawapa viti. Mwalimu Obdulia alisimama karibu na dirisha. Rosmira akasema shida yake kama alivyoipanga njiani: mtoto aulizwe kwa mdomo. Anajua mito, anajua wilaya, anajua hesabu za sehemu. Daftari la rasimu limejaa. Mtu alitazame.

"La rasimu halina maksi," Mwalimu Obdulia akasema.

"Yameandikwa humo. Ni yale yale. Kwa nini yaandikwe mara mbili?"

"Kwa sababu ndivyo inavyofanyika, mama. Wewe hukufika huko."

"Sikufika," Rosmira akasema. "Namshukuru Mungu, mikono yangu yote miwili inafunguka."

Bwana Teódulo akainua kiganja kuwatuliza. Alikuwa mtu wa kutafuta katikati.

"Tusigombane. Mimi napendekeza hivi. Daftari safi tulisamehe. Nitaongea na mwalimu, mtoto apewe maksi za kupandia. Ila vyeti." Akavigonga kwa kidole pale mezani. "Vimebaki vichache tu. Vya darasa la kwanza, majina mafupi mafupi. Hatuwezi kuwapa wazazi vyeti vyenye mwandiko wa watu wawili, itaonekana vibaya. Amalizie hivyo, pole pole, kwa muda wake. Anapanda sekondari, anabeba bendera, na sisi wote tunalala."

Arnulfo akamgeukia mkewe, na usoni mwake kulikuwa na ahueni iliyomtia Rosmira uchungu kuliko maneno yote.

"Vichache tu, mke wangu," Arnulfo akasema kwa sauti ya chini.

"Naweza, mama," Maryori akasema. "Majina mafupi. Naweza."

Alikuwa anasema hivyo huku mkono wake wa kulia, juu ya goti, umeshaanza. Gumba lilikuwa linaingia kiganjani. Hakukuwa na kalamu karibu. Vyeti vilikuwa mezani tu, na mkono ulikuwa umeviona. Rosmira aliutazama mkono ule, akatazama nyuso za watu wazima waliomo ofisini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama chini ya meza.

"Hapana," akasema.

"Mama Rosmira, fikiria. Ni mwaka mzima."

"Nimefikiria. Ataurudia."

"Rosmira," Arnulfo akasema.

"Ataurudia, Arnulfo. Wewe kawaambie ng'ombe."

Akasimama, akamshika mtoto mkono wa kushoto. Mlangoni akageuka. Alikuwa na mengi ya kusema kwa Mwalimu Obdulia, ameyapanga tangu ile Jumatano, mengine hayaandikiki. Akaona mwalimu ameuweka mkono wake wa kulia kwenye mkono wa kushoto, anausugua pale chini ya gumba, taratibu, kama mtu afanyaye jambo la kila siku bila kujua. Rosmira akamtazama. Mwalimu akaona anatazamwa, akaacha, akauficha mkono mfukoni mwa sweta. Hata hilo halikumpunguzia Rosmira hasira. Lilimwongezea. Kama na yeye anayajua maumivu hayo, basi alikuwa anajua alichokuwa anakifunga.

Siku ya kufunga mwaka Maryori hakwenda. Vyeti vilitoka vya mwandiko wa watu wawili na hakuna mzazi aliyeanguka. Mtoto wa muuza viatu alibeba bendera. Guayatama wakasema Rosmira ana kiburi, kamnyima mwanawe sekondari kwa ajili ya kidole. Dukani mwanamke mmoja akamwambia, kwa kucheka, "Hata mimi nikifua sana vidole vinaniuma, mbona sirudii mwaka?" Rosmira akamjibu, "Wewe rudia, utajifunza kufua," akachukua chumvi yake akaondoka.

Likizo ikapita bila kalamu ndani ya nyumba. Arnulfo alikwenda mwenyewe na Maryori kwa yule mtaalamu mjini, wakarudi na mazoezi ya kubonyeza sifongo na kuinua vidole kimoja kimoja mezani. Mkono ukawa unafunguka. Sio wote. Kidole cha mwisho kilikuwa bado kinajikunja asubuhi zenye baridi, na bibi, ambaye sasa alishaanza kusema na watu tena, alikuwa anakitazama hicho kidole kwa jicho la mtu mwenye la kusema, ila anameza.

Shule zikafunguliwa. Darasa lile lile, mwalimu yule yule. Rosmira alimsindikiza mwanawe mpaka ndani, watoto wameshakaa, madaftari mapya mawili mawili yamepangwa kwenye madawati.

"Huyu ana daftari moja," akasema mbele ya darasa zima. "Ataandika kidogo, mkono ukimwambia basi, ataacha. Mengine utamwuliza kwa mdomo. Barua ya daktari hii hapa."

Mwalimu Obdulia hakuichukua barua. "Mama, hapa kila mtoto ananakili. Nikimwachia huyu, kesho wote wana mikono mibovu."

"Huenda wanayo."

"Nitamwona akiandika, au nitamwona amekaa bure. Hiyo ni kazi yangu, siyo yako. Kwaheri, mama."

Rosmira akatazama huku na huku. Nyuma kulikuwa na kiti kitupu cha mtoto, kifupi, kimechorwachorwa. Akaenda akakikalia. Magoti yakamfika karibu na kidevu. Wasichana wawili wakaanza kucheka, na Maryori akainamisha uso kwa aibu mpaka masikio yakawa mekundu.

"Unafanya nini?" Mwalimu Obdulia akauliza.

"Nakaa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Miezi."

Akaweka kapu lake chini, akatoa njegere za mchana pamoja na bakuli, akaanza kumenya.